Msiwazushie mauti wahusika wa watoto

Kuna mtu, sijui ni nani wala sina haja ya kumjua, aliyekaa na simu yake akaandika "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun", kisha akatia jina la mhusika wa katuni ya watoto. Akabandika picha ya mhusika huyo iliyotolewa rangi ikabaki kijivu, na chini yake akaandika kwamba msimu ujao hatakuwepo, amefariki kwa ajali, na nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Ujumbe huo ulifika katika kundi la WhatsApp la jamaa zetu hapa Amu, yaani Lamu, baada ya magharibi, saa ambayo watoto wamekwisharudi kutoka chuo cha Kurani na simu za wazazi ziko mikononi mwao. Jina la katuni yenyewe silitaji. Wazushi wa namna hii hutafuta hilo hasa, kwamba jina litajwe, litafutwe, na video yao ya uongo ipate watazamaji.

Mkubwa wa watoto nyumbani anasoma darasa la sita. Akausoma ujumbe kwa sauti. Binti wa kakangu, wa miaka mitano, akanyamaza, akaja akanishika kanga. "Shangazi, watamzika wapi?"

Asiyekaa Amu huenda asielewe uzito wa swali hilo. Hapa kwetu mtu akifariki, kipaza sauti cha msikiti hutangaza. Husemwa jina la marehemu, ni mwana wa nani, ataswaliwa msikiti gani na baada ya swala gani. Barazani watu hukatiza mazungumzo wasikilize. Mama zetu huchukua buibui na kuelekea nyumba ya msiba, na mara nyingi watoto huwafuata nyuma katika vichochoro vya Langoni au Mkomani. Mtoto hujifunza mpangilio huu kabla hajajua kuhesabu hadi mia. Mtoto wa Amu hajapata kusikia Innalillahi ya uongo. Akiisikia, anajua kuna jeneza, kuna kaburi, kuna mtu ambaye hatarudi kukaa mahali pake. Kwa hiyo aliuliza swali ambalo mtu mwenye akili timamu angeuliza.

Kisha akauliza jingine. Baba yake ni nahodha, na siku ile alikuwa amekwenda Kizingitini. "Na baba?"

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Watu wazima niliowaeleza walinijibu kwa upole kwamba ni katuni tu, mtoto atasahau. Sikubaliani nao. Mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano hajaweka mpaka kati ya mhusika na mtu kama tulivyouweka sisi. Anayemwona kwenye skrini kila jioni, anayemuuliza maswali na kungoja ajibu, anayeimba naye hesabu na herufi, huyo kwake ni mmoja wa watu wanaoingia nyumbani. Na umri huohuo ndio ambao mtoto anaanza kufahamu kwamba kufa hakuna kurudi. Ukimwambia amekufa mmoja, anatazama waliobaki na kujiuliza zamu ni ya nani. Mzaha huo umeingia mahali palepale ambapo mtoto hana kinga.

Uzushi wa namna hii haukuanzia kwetu, na nimefuatilia historia yake kwa sababu nilitaka kujua unazaliwaje. Kipindi cha Sesame Street kilianza Marekani tarehe 10 Novemba 1969, na karibu kila aina ya uvumi unaoweza kuzushiwa kipindi cha watoto kimezushiwa kile. Jim Henson, aliyevibuni vikaragosi vyake na aliyekuwa mkono na sauti ya Ernie, alifariki Mei 1990. Baada yake ulienea uvumi kwamba Ernie naye atauawa ndani ya kipindi ili watoto wafundishwe kuhusu mauti. Watayarishaji walikanusha mara kwa mara. Ernie hakufa. Alipata mtu mwingine wa kumwendesha, Steve Whitmire, na kipindi kikaendelea. Lakini tazama uvumi ulivyojengwa: chini yake kulikuwa na msiba wa kweli. Mtu mpendwa alikuwa amefariki, watu wazima walikuwa na huzuni, na huzuni hiyo ikageuzwa habari juu ya kikaragosi.

Ndivyo uzushi unaoshika unavyofanya kazi. Huchukua badiliko la kweli, hata dogo, ukalivuta hadi likawa janga. Mwaka 2005 Sesame Street iliamua kuzungumza zaidi kuhusu afya na chakula bora. Cookie Monster, yule wa manyoya ya buluu anayemeza biskuti, akaimbiwa kwamba biskuti ni chakula cha mara mojamoja. Basi ikaenea kwamba amekatazwa biskuti kabisa, kwamba sasa ni wa mboga, na jina jipya akapewa. Wazazi wakalalamika juu ya jambo ambalo halikutokea. Biskuti aliendelea kula, pamoja na matunda.

Uvumi huu wa biskuti haunikeri sana. Hakuna mtoto atakayekosa usingizi kwa sababu ya karoti. Nautaja ili ionekane kwamba sipingi kila mzaha. Ninachopinga ni mauti, kutoweka, na kugeuzwa mhusika mwema kuwa kitu cha kutisha.

Wenye kipindi chenyewe walipokutana na mauti ya kweli walifanya nini? Hapa naomba msomaji akae nami kidogo, maana sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Mzee mwenye duka katika mtaa wa Sesame Street aliitwa Mr. Hooper, na aliyemwigiza, Will Lee, alifariki Desemba 1982. Watayarishaji wangeweza kumweka mwigizaji mwingine. Wangeweza kusema mzee amehama. Hawakufanya hivyo. Walikaa karibu mwaka mzima wakiwauliza wataalamu wa watoto na watu wa dini namna ya kulisema jambo hili kwa mtoto ambaye bado anafikiri ulimwengu umetulia. Waliamua wasiseme kwamba alikuwa mgonjwa, kwa sababu mtoto naye huugua na angeogopa kila homa. Waliamua wasiseme kwamba amelala. Walichagua siku ya kurusha, tarehe 24 Novemba 1983, ambayo Marekani ilikuwa sikukuu ya Thanksgiving, ili mtoto anapotazama awe na mzazi karibu wa kumuuliza.

Katika kipindi hicho Big Bird, ndege mkubwa wa manjano mwenye akili ya mtoto wa miaka sita, anakuja na picha alizowachorea wakubwa wote wa mtaani. Anagawa moja moja. Inabaki ya Mr. Hooper, naye anasema atampelekea akirudi. Wakubwa wanamweleza kwamba Mr. Hooper amekufa, na waliokufa hawarudi. Big Bird anakasirika. Anauliza kwa nini lazima iwe hivi. Hawamtungii sababu. Wanamwambia ni hivyo tu, wanamkubalia huzuni yake, wanakaa naye.

Sijui maelezo bora zaidi ya namna mkubwa anavyopaswa kumpa mtoto habari nzito. Mkubwa yupo mwenyewe, anasema kweli, anatumia maneno machache, hana haraka. Ukilinganisha na ujumbe wa saa mbili usiku unaosomwa na ndugu wa darasa la sita huku watu wazima wako jikoni, utaona kinachoniuma.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, na kwangu mimi ni kubwa zaidi. Mwaka 1992 watayarishaji haohao walitengeneza kipindi kizima kuhusu talaka. Wazazi wa Snuffleupagus, yule rafiki wa Big Bird mwenye mkonga, wanaachana. Kilikwisha kurekodiwa, fedha zimekwisha kutumika. Kabla ya kukirusha wakawaonyesha watoto wadogo kwa majaribio, kisha wakawauliza wameelewa nini. Watoto walikuwa wametaharuki. Baadhi walidhani baba akitoka nyumbani hataonekana tena, na kwamba kila wazazi wakigombana mwisho wake ni talaka. Basi wakakiweka kando. Hakikurushwa hewani.

Watu wenye nia njema, wenye wataalamu, wenye fedha, waliona watoto wachache wamehuzunika kwa kutoelewa, wakaitupa kazi yao. Na sisi mtu mmoja mwenye simu na programu ya kuhariri picha anatuma kifo cha mhusika kwa watoto asiowajua idadi, hamuulizi hata mmoja ameelewa nini.

Najua jibu la vijana, nimelisikia pale Mkunguni: mzaha huu tunautuma kwa wenzetu, si kwa watoto. Huenda ni kweli. Lakini ukishautuma hauna tena namna ya kuuchagulia msomaji. Kulikuwa na kijana aliyetengeneza picha za mzaha akimwonyesha Bert, rafiki wa Ernie, kama mtu mwovu aliyesimama kando ya watu waovu wa historia. Alianza 1997, akiwachekesha wenzake. Oktoba 2001, mwezi ambao mabomu yalianza kuanguka Afghanistan, waandamanaji katika mji wa Dhaka, Bangladesh, walibeba mabango ya Osama bin Laden, na kwenye bango, begani pake, alikuwa ametokeza Bert. Aliyechapisha mabango alikuwa ameokota picha kwenye intaneti bila kumtambua yule kikaragosi ni nani. Picha zilienea duniani kote. Kijana yule akaziondoa zake mwenyewe, akisema mzaha umefika mahali asipotaka. Kama kikaragosi cha watoto cha New York kilifika kwenye bango la Dhaka wakati ambapo hakukuwa na WhatsApp, ujumbe wa leo utakosaje kufika kwa mtoto wa Matondoni au Faza?

Lazima niseme pia habari ya sisi wazazi na walezi, maana wapo wanaotaka lawama yote iende kwa vijana. Februari 2019 ulienea uvumi wa Momo, sura ya mwanamke mwenye macho ya kutokeza, ambaye ilidaiwa anajitokeza katikati ya video za watoto, hata za Peppa Pig, na kuwaamuru wajidhuru. YouTube ilisema haikuona ushahidi wa video hizo. Sura yenyewe ilikuwa sanamu iliyochongwa Japani na kuonyeshwa Tokyo mwaka 2016. Sasa nani aliyewaonyesha watoto sura ile? Ni sisi. Ni wakubwa waliofowadi picha kwa nia ya kuonya, wakaiweka simu mezani ikiwa wazi, wakawaita watoto na kuwauliza "umemwona huyu?" Watoto wengi walimwona kwa mara ya kwanza hapo.

Kwa Kenya kuna sababu ya ziada inayofanya watu waamini haraka kwamba kipindi fulani kimebadilishwa au kinaondolewa. Juni 2017 bodi ya kuainisha filamu ilitangaza kupiga marufuku katuni kadhaa za nje, zikiwemo The Loud House na Adventure Time, kwa madai kwamba zinaeneza mambo yasiyolingana na maadili yetu. Sitaki leo kuingia katika kesi hiyo. Ninachosema ni kwamba mzazi aliyeona katuni ikiondolewa kweli, tena kwa tangazo rasmi, ana haki ya kudhani lolote linawezekana. Mzushi hujua hilo na hulitumia. Siku hizi kila tangazo la uongo hudai lina muhuri wa mamlaka fulani.

Na lipo badiliko ambalo kwangu ndilo linalofanya jambo hili kuwa letu sasa kuliko zamani. Nilipokuwa mdogo wahusika wa katuni walizungumza Kiingereza, na uvumi wao ulibaki kwa wenye Kiingereza. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza kutoka Dar es Salaam, kisha ikaja Akili and Me, na watoto wa pwani wakapata wanyama na watoto wa kwenye skrini wanaosema Kiswahili, wanaoimba Kiswahili, wanaohesabu moja, mbili, tatu kama mwalimu wa chekechea. Nilifurahi, na ninafurahi bado. Lakini mhusika akishasema lugha ya nyumbani, uzushi juu yake nao unasemwa kwa lugha ya nyumbani. Mtoto hahitaji mkalimani. Analielewa kila neno, hata lile ambalo lingestahili kumpita.

Sitaki nieleweke kwamba shabiki akae kimya. Kupenda kipindi ni pamoja na kukihofia. Aprili 2024 katuni ya Australia, Bluey, ilirusha kipindi kirefu cha dakika 28 ambamo familia inataka kuuza nyumba na kuhama. Watu duniani wakaanza kuulizana kama ndiyo mwisho wa Bluey, wengine wakasema wana hakika. Wiki moja baadaye kikarushwa kipindi kingine kwa kushtukiza, na watayarishaji wakasema hawajamaliza. Uvumi ule haukutungwa kwa ubaya. Watu waliona dalili, wakahuzunika, wakasema. Hilo nalielewa kabisa. Tofauti yake na ujumbe uliotufikia sisi ni kwamba hakuna aliyekaa akachonga kaburi.

Tena watoto wenyewe hubadilisha vipindi vyao kila siku, na ni jambo zuri sana kulisikia. Kaa barazani alasiri uwasikilize. Simba wa katuni amenunua mashua. Kiboko amepakiwa kwenye punda, punda amegoma. Mhusika fulani ameolewa Shela na harusi ina tarabu. Wanaua pia, ndiyo, lakini anayeuawa na mtoto kwenye mchezo hufufuka kabla ya adhana ya magharibi, kwa sababu ni mtoto aliyeshika hadithi na anaweza kuigeuza atakavyo. Tangazo la mkubwa halimpi nafasi hiyo. Linakuja kama habari, na habari haigeuzwi.

Usiku ule nilimwambia binti yetu ukweli wote kwa kadiri ya umri wake. Nilimwambia mhusika wake ni mchoro, na sauti anayoisikia ni ya mtu anayesimama mbele ya kinasa sauti, na mtu aliyeandika ule ujumbe amesema uongo. Sikumwambia "usijali". Alinisikiliza mpaka mwisho, akataka kujua mtu mwenye sauti anakaa wapi na kama ana watoto. Babake tulimpigia simu wakazungumza. Kesho yake kwenye kundi niliandika kwamba atakayetuma tena Innalillahi kwa kitu kisicho na roho nitamwomba aondoke, na mashemeji wawili wakaona nimezidisha. Sijabadilisha msimamo. Tamko lile ni la misiba yetu, nalo likizoezwa kwa uongo, mtoto atalisikia siku ya kweli asijue la kufanya.

Nina ombi kwa wanaotengeneza vipindi vya watoto kwa Kiswahili, Dar es Salaam na Nairobi. Msimwachie mzushi kazi ya kutangaza mabadiliko yenu. Mwigizaji wa sauti akiondoka, mtoto husikia tofauti siku ileile, kabla ya mzazi, na asipoelezwa atapokea maelezo ya yeyote anayekuja nayo. Steve Burns alikuwa mtangazaji wa Blue's Clues, kipindi cha Marekani. Watu walimzushia kifo alipokuwa bado yuko hewani, akalazimika kutokea kwenye televisheni ya watu wazima kuonyesha kwamba yu hai. Aliondoka kwenye kipindi 2002, akisema anakwenda chuo, na uzushi haukukoma. Septemba 2021 alirekodi video fupi, akawatazama wale watoto ambao sasa ni watu wazima, akawaambia anajua aliondoka ghafla, na kwamba hakuwasahau. Watu wenye watoto wao walilia. Walikuwa wamengoja maelezo hayo miaka 19.

Dakika mbili zinatosha. Mhusika mwenyewe aseme kabla ya kipindi kuanza, kwa Kiswahili, na irudiwe wiki nzima kwa ajili ya watoto ambao siku ya kwanza umeme ulikatika: kuanzia leo sauti yangu itakuwa nyingine, aliyekuwa akinisemea ni mzima na amepata kazi nyingine, anawasalimu.